Abee ya Kiziwi

Asalaam alaykum. Ndugu zangu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo. Na wakubwa zangu wote mliokaa kwenye mabenchi haya, shikamooni. Sista Anjelina, muuguzi wetu wa masikio, ameniomba niseme nanyi kidogo kabla hamjaingia mmoja mmoja kuvalishwa mashine zenu za kusikia. Ameniambia nisiwatishe. Nimemjibu kwamba sitawatisha, ila sitawadanganya pia. Aliyezoea ushuhuda unaoishia kwa vigelegele anisamehe, wangu si wa namna hiyo.

Jina langu Esha. Kwetu ni Kinjumbi, kule kaskazini ya Kilwa. Nasema kwa sauti kubwa kwa sababu ni kiziwi, ingawa wanaonijua watawaambia nilikuwa napiga kelele hata kabla sijaugua.

Nilikuwa mfanyabiashara wa mitumba. Tangu biashara ilipofunguliwa, marobota ya nguo yakaanza kuingia mpaka huku kwetu, na mimi nilikuwa mmoja wa wanawake wa mwanzo kuyafungua. Nilizunguka magulio yote, kuanzia kwetu mpaka Kiswere. Nimewahi kumuuzia mtu wa Kilwa koti la manyoya, na mpaka leo hajui alilinunua la nini. Nilikuwa mtu wa mdomo, lakini kilichonilisha hasa ni masikio. Mteja akisema "ghali," nilijua kwa kusikia tu kama hiyo ni ghali ya kuondoka au ghali ya kutaka kubembelezwa.

Homa ilinishika nikiwa gulioni Kiswere, masika. Ilianza kwenye magoti na kiuno. Nikameza vidonge vya maumivu, nikaendelea kuuza. Siku ya pili nilikuwa natetemeka juani, nimejifunika makoti yangu mwenyewe ya biashara. Siku ya tatu nilitapika nyongo, na mkojo ukatoka mweusi kama chai ya rangi. Baada ya hapo sikumbuki. Naambiwa nilipelekwa hospitali nikiwa natukana watu kwa Kimatumbi, na kwamba daktari alisema malaria imepanda kichwani. Nikatundikiwa dripu za kwinini.

Nilipozinduka, nyenje walikuwa wanalia. Nikauliza, jamani, nyenje hawa wanatoka wapi wodini? Kaka yangu Shamte alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Nilidhani ananitania. Nikamwambia aache upuuzi, mimi mgonjwa. Akaanza kulia, na kilio chake pia sikukisikia. Kumbe nyenje wale walikuwa ndani ya kichwa changu.

Daktari aliniandikia kwenye karatasi: "Masikio yameumia. Inaweza kuwa ni homa, inaweza kuwa ni dawa. Huenda yakarudi." Simlaumu. Dawa ile ndiyo iliyonirudisha duniani. Lakini lile "huenda" nililikalia mwaka mzima. Kila asubuhi nilikuwa napiga vidole karibu na sikio, napiga tena, halafu naamka kufagia. Miezi miwili ya mwanzo hata kutembea nilitembea kwa kuyumba, kwa sababu sikio ndilo linaloshika mizani ya mwili. Watu wakasema Esha siku hizi anakunywa.

Biashara ikafa. Huwezi kupatana bei kwa kuandikiana. Mume tulikwishaachana zamani, kwa hiyo nikarudi Kinjumbi kwa mama.

Mama yangu alijulikana kwa jina la Binti Abdala. Alikuwa kipofu. Presha ya macho ilimchukua jicho la kulia, halafu la kushoto, na madaktari walishasema hakuna cha kufanya. Basi tukakaa nyumba moja, kipofu na kiziwi. Yeye alicheka. Alimwambia Shamte aniandikie kwenye daftari: "Mungu kagawa. Mimi kanipa masikio, wewe kakupa macho. Tukikaa pamoja sisi ni mtu mmoja mzima."

Maneno mazuri, lakini kuishi nayo ni kazi. Nikisema, mama anasikia. Mama akisema, mimi sisikii. Kumsoma midomo sikuweza, kwa sababu hakuwa na jino hata moja, na alikuwa akichanganya Kiswahili na Kimatumbi katika sentensi moja. Mpaka Shamte atoke nyumba ya pili, asikilize, aandike: "Mama anasema ugali haujaiva." Na Shamte ana shamba lake la ufuta, hawezi kushinda anaandika habari za ugali. Mama mwenyewe alichukia kubebwa na mdomo wa mtu mwingine. Polepole akapunguza kusema. Hilo ndilo lililoniuma kuliko uziwi.

Baada ya miaka mitatu tukasikia habari za kliniki hii, nikaja Lindi, nikakaa kwenye benchi hilohilo mlilokalia. Nikapewa mashine mbili za kuvaa nyuma ya masikio, za kuchaji. Hazitaki betri za kununua. Unazilaza kwenye kikasha chake, taa ya kijani inawaka, baada ya saa kadhaa unavaa. Siku ile nilisikia kandambili zangu mwenyewe kwenye sakafu. Niliingia chooni nikasikia mkojo wangu ukianguka, nikakaa mle ndani nacheka mpaka Sista akaja kugonga mlango.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa uwani. Akasikia hatua, akaita, "Esha?"

Nikaitika, "Abee, mama."

Kwetu mwanamke akiitwa na mkubwa wake huitika abee, na huitika hapohapo, hata kama mkono uko kwenye unga. Lakini kwa miaka mitatu mama alikuwa ananiita bure. Akaita tena, nikaitika tena. Aliniita mara nyingi, nami nikaitika zote. Halafu akaagiza achinjwe jogoo wake, yule aliyekuwa akimwamsha alfajiri, ambaye mama alisema ndiye saa yake.

Tulipokuwa tunamla yule jogoo, akaniambia, "Sasa nimepata mtu. Nina neno langu, Esha. Halipiti kwa Shamte wala kwenye daftari. Nitakupa siku yake."

Nikamwambia anipe palepale. Akacheka. "Haraka ya nini? Kwani masikio umeazima?"

Nilikaa na mashine zile mwaka na kitu. Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnaponihitaji. Sista alituonya tusizitie maji. Mimi kuoga nilizivua. Mvua ikinyesha nilizivua. Lakini udhu niliusahau. Siyo kusahau udhu, nilisahau kwamba udhu ni maji. Mtu unajipaka maji masikioni kila swala, vidole vinajua njia vyenyewe, na mimi nilikuwa nafanya nikiwa nimezivaa. Mara tano kwa siku. Ongeza jasho la pwani na chumvi ya hewa yetu, mtaona wenyewe.

Dalili zilikuja kidogokidogo. Kwanza ya kushoto ikawa inazima kabla ya alasiri. Halafu nikizilaza kwenye kikasha, taa inawaka kijani, inakatika, inawaka. Nikasema ni waya. Nikabadilisha waya, nikachukua wa simu ya Shamte. Ikawaka siku mbili, ikakataa. Nikasema ni sola ya Shamte haina nguvu, mawingu ya masika. Nikaenda kuchaji dukani kwenye umeme, ya kulia ikakubali, ya kushoto ikagoma. Ndipo nikageuza ile mashine na kuiangalia vizuri. Chini yake kuna vidoa viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kikasha. Vilikuwa vimeota kutu ya kijani.

Kumbe ningechukua kitambaa kikavu nikavifuta, nikasafisha na kikasha, nikaja huku mapema, mambo yangeishia hapo. Sista ameniambia hivyo mwenyewe. Lakini mimi niliona kutu, nikajua ni unyevu. Na huku kwetu kilichopata unyevu kinafanywaje? Kinaanikwa. Muhogo tunaanika makopa, samaki tunaanika, ufuta tunaanika, godoro la mtoto tunaanika. Nikachukua ungo, nikaziweka mashine zangu mbili katikati ya makopa, nikaziweka juani kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Nikakaa pembeni na kijiti nawafukuza kuku. Nililinda kwa bidii kabisa kitu nilichokuwa nakiua.

Nilipozichukua zilikuwa za moto mpaka nikazirusha mkono hadi mkono. Nikazilaza kwenye kikasha. Hakuna kijani, hakuna nyekundu. Nikazitoa nikazirudisha. Hakuna.

Nikaenda Kilwa Masoko kwa fundi simu, kijana mmoja mstaarabu mwenye meza nje ya duka la vifaa vya umeme. Akaziangalia kwa lenzi yake, akaniandikia kwenye simu: "Mama, betri imevimba kwa joto. Na hii haina parafujo, imezibwa kiwandani. Nikiifungua naivunja. Hii siyo simu. Wapelekee waliokupa." Nikamwomba ajaribu. Akatikisa kichwa, akazifunga kwenye karatasi laini, akanirudishia kwa mikono miwili.

Shamte akamwandikia Sista ujumbe. Jibu likaja kwamba wataalamu wa masikio huja kwa zamu, na zamu ijayo ilikuwa bado wiki saba. Wiki saba si nyingi. Nilikwishakaa kiziwi miaka mitatu.

Lakini mama hakujua. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Siku ile niliyorudi kutoka kwa fundi nilimkuta mama uwani, uso wake umegeukia upande wa hatua zangu. Nikaona midomo yake inasema jina langu. Jina langu nililijua hata kwenye midomo isiyo na meno. Nikafungua kinywa nimwambie kwamba zimekufa, kilichotoka kikawa abee. Akatabasamu. Akasema kitu kingine, kirefu. Nikasema, ndiyo mama. Akaridhika.

Nilimfikiria jogoo. Nilifikiria jinsi alivyoacha kusema miaka ile mitatu. Nikajiambia, wiki saba tu, kwa nini nimuumize mtu mzima? Kipofu huwezi kumdanganya kwa uso, lakini kwa sauti unaweza, na sauti yangu ilikuwa nzima. Nilikuwa namwangalia. Kidevu kikinyanyuka mwishoni, hilo ni swali, nasema ndiyo. Akinyoosha mkono, anataka maji au anataka kwenda chooni, namshika nampeleka kote kuwili. Akicheka, nacheka. Shamte alijua. Aliniandikia kwa herufi kubwa: "MWAMBIE." Nikamwomba aninyamazie mpaka zamu ya kliniki ifike. Alinionea huruma, akanyamaza, na mpaka leo anajilaumu kwa hilo.

Wiki ya tano, baada ya swala ya alasiri, mama alimfukuza Shamte. Akamfukuza na mke wa Shamte. Nikaona wanatoka, Shamte ananiangalia kwa wasiwasi. Mama akanipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaniketisha mkekani karibu yake, magoti kwa magoti. Akaanza kusema.

Alisema kwa muda mrefu. Nilijua ni nini. Hapakuwa na haja ya masikio kujua kwamba lile ndilo neno lake na ile ndiyo siku yake. Alisema polepole, akinyamaza kutafuta maneno. Mahali fulani alilia, machozi yakashuka kwenye macho yale yasiyoona. Mahali fulani alicheka kidogo. Nilikodoa macho kwenye midomo yake mpaka yakauma, nikapata neno moja, "maji" au "mji," sikuwa na hakika. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake, na nilikuwa nasikia mtetemo wa sauti yake ukipita kwenye mfupa. Hicho tu ndicho nilichopata.

Kisha kidevu kikanyanyuka. Akangoja.

Ningeweza kusema, mama, sisikii, mashine zimekufa, nisamehe. Lilikuwa ni neno la kusema kwa pumzi moja. Lakini baada ya wiki tano za abee, na baada ya machozi yale, niliona haya. Nikajiambia, nitakwenda Lindi, nitarudi na masikio, nitamwomba alirudie kana kwamba napenda kulisikia tena.

Nikasema, "Ndiyo mama. Nimesikia."

Akashusha pumzi, mabega yakalegea. Akaniachia mkono. Nilimwona ametua mzigo aliokuwa ameubeba miaka, ameutua mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuupokea.

Zamu ilipofika nikapanda basi Nangurukuru, nikaja hapa. Sista akaziangalia mashine zangu, akaniandikia kwamba kutu ingesafishika, ila jua limezimaliza, na betri zake hazibadiliki hapa nchini. Hakunigombeza. Akanipa nyingine, za aina ya zamani, zinazotumia betri za kifungo ambazo ukiishiwa unaweka mpya. Akazifunga kwenye vile vipande vya kuingiza sikioni nilivyopewa mwanzo, akaziwasha.

Sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa simu yangu, mkobani. Ujumbe wa Shamte. "Mama kaanguka. Njoo."

Njia nzima nilisikia kila kitu. Injini, mbuzi juu ya paa la basi, mtoto akilia kiti cha nyuma. Sikukitaka hata kimoja.

Kilikuwa kiharusi. Nilimkuta mama amelazwa chali, mdomo umevutwa upande wa kushoto, mkono wa kulia umelala tu. Nikainama. Nikasema shikamoo mama. Nilisikia pumzi yake ikikwaruza kooni. Nilisikia mate yakimzonga. Nilisikia nzi waliokuwa wakizunguka bakuli la uji. Masikio yangu yalikuwa mazima siku ile kuliko wakati wowote tangu niugue. Maneno ndiyo hayakuwepo.

Aliishi siku tisa. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimfuta haja, nilimpa uji kwa kijiko na nusu ukawa unamtoka pembeni ya mdomo. Siku ya saba nikapata ujasiri. Tulikuwa wawili. Nikamshika mkono ule mzima, nikamwambia yote: udhu, ungo, makopa, fundi, wiki saba. Nikamwambia, "Mama, siku ile sikusikia. Nilisema ndiyo, lakini sikusikia hata neno moja."

Aligeuza uso upande wangu. Koo likafanya kazi kwa muda. Akatoa sauti moja, "Ee." Mpaka leo sijui kama alikuwa anaitika, au anasamehe, au ni pumzi tu. Sikupata nyingine.

Wazee wana msemo, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha yangu, kikaniumbua kifo cha mama yangu. Siku ya arobaini, baada ya dua, ukoo wote umekaa, Shamte akaniuliza mbele ya watu kwa sababu ilimbidi: mama aliacha neno gani? Wote walijua alikuwa na neno. Nikasema sijui, nikaeleza. Wapo walioniamini. Wapo mpaka leo wanaosema Esha anajua, anaficha kwa ajili ya minazi ya urithi. Shangazi mmoja hanipi mkono. Simlaumu, hata mimi ningeona hadithi ya mashine kuanikwa na makopa ni ya kutunga.

Nimejaribu kukisia. Labda ilikuwa habari ya baba. Labda alitaka azikwe kando ya maji kwao, au mji fulani, na sisi tumemzika pengine. Nikifika hapo huacha kukisia, maana naumia.

Sasa namshukuru Mungu kwa uhai, na namshukuru Sista na wenzake. Mashine hizi ninazo mwaka wa pili. Nyinyi mtakaopewa za kuchaji, msiziogope, ni nzuri. Zivueni kabla ya udhu, ziwekeni kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Kila siku futeni vile vidoa vya chuma kwa kitambaa kikavu. Taa ikisumbua, jaribuni waya mwingine na umeme mwingine, na ikikataa leteni hapa, msingoje. Msizianike. Huko kwenu Milola najua mnaanika kila kitu, lakini hizi msizianike.

Na mashine ikifa, sema imekufa. Mwambie mama, mwambie mume, mwambie mteja. Usiitike abee kwa kitu ambacho hukukisikia. Sema, sijasikia, rudia. Utaona haya, haya itapita. Mimi nilikwepa haya ya dakika moja.

Nimemaliza. Lakini tangu nianze nawaangalia, na baadhi yenu kule nyuma mmekuwa mkitikisa vichwa vya ndiyo kila ninaponyamaza. Kutikisa huko nakujua. Nauliza, na msinionee haya: nani hajasikia? Ainue mkono.

Haya. Wewe, na yule bibi mwenye khanga, na wewe baba. Njooni mkae hapa mbele. Nitarudia tangu mwanzo.